Darasa la Mama Kwaya

Shule nzima ilimwita Mama Kwaya, ingawa hakuwa mwimbaji. Jina hilo lilitokana na watoto wake wa darasa la kwanza, waliosoma kwa sauti moja mpaka mabati yakatetemeka. Akigusa ubao kwa fimbo yake ya kuonyeshea, "ba, be, bi, bo, bu!" ilipaa hadi barabarani na wapita njia wakasimama kusikiliza. Wageni wakija, walipelekwa kwake kwanza. Naye alilijua hilo. Alitembea kichwa juu, kilemba kimekaa sawasawa, kama mtu asiye na deni na yeyote.

Mtu mmoja tu hakumpigia makofi. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, mwanamume mwembamba aliyeitwa Miwani, kwa sababu miwani yake, iliyofungwa kwa utepe pembeni, haikukoma kumteleza puani. Kila mwaka alipokea watoto kutoka kwa Mama Kwaya, na kila mwaka alinung'unika ofisini kwamba ameletewa kasuku.

"Walipotoka kwangu walikuwa wanasoma," Mama Kwaya alijibu bila kumtazama. "Kama wamesahau, wamesahaulia kwako."

Wenzao walicheka chini kwa chini, wakaendelea kusahihisha. Miaka ikapita wawili hao wakisalimiana kwa nusu mdomo.

Ndipo akaja mwalimu mkuu mpya, mama mfupi mwenye sauti ya chini, asiyependa maneno mengi. Katika kikao chake cha kwanza alisema kila mwalimu ataingia darasani kwa mwenzake. "Hatuendi kukaguana," alisema. "Tunaenda kuwatazama watoto. Mwalimu tunamjua, hana jipya." Akawapanga wawili wawili. Mama Kwaya akapangwa na Miwani, na uso wa mwalimu mkuu ulionyesha wazi kwamba jambo hilo halikutokea kwa bahati mbaya.

Siku Miwani alipokuja kuketi nyuma ya darasa, Mama Kwaya aliwapa watoto hadithi ya ng'ombe na maziwa. Waliisoma ukurasa mzima bila kukwama, wakitikisa vichwa kwa mapigo. Kengele ilipolia na watoto wakatoka mbio, alimgeukia mgeni wake, mikono kiunoni.

"Haya, baba. Sema."

Miwani alisukuma miwani juu. "Wamesoma vizuri. Ila yule binti wa pale pembeni, mwenye pengo. Kitabu chake alikishika kichwa chini, ng'ombe miguu juu."

"Alikuwa anacheza."

"Hakucheza, dada. Alifuata mistari kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. Hakukosea hata neno moja."

Damu ilimchemka Mama Kwaya. Alimwambia amekuja kupeleleza, kwamba anatafuta wa kumbebesha uvivu wake, na mengine ambayo mwalimu hasemi mbele ya ubao. Miwani alisikiliza mpaka mwisho. "Na mimi njoo unione," alisema, akatoka.

Jioni ile nyumbani kwa Mama Kwaya sufuria zilipigwa chini mpaka mumewe, fundi seremala, akachungulia jikoni, akaona afadhali arudi kwenye mbao zake. Maneno ya Miwani yalimkwama Mama Kwaya kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa na kitinda mimba, msichana aliyepita mikononi mwake mwenyewe mwaka uliotangulia, na sasa yuko kwa Miwani. Akamwita. Akachukua kipande cha karatasi, akaandika: *Nitakupa sukari.*

"Nisomee hapa, mama."

Mtoto aliishika karatasi, akainua macho, akamtazama mama yake usoni, akitafuta jibu midomoni mwake. Alingoja aanziwe.

Mama Kwaya alimpa sukari hivyo hivyo. Kisha akakaa kwenye kigoda, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kufundisha akajiona hajui afanye nini kesho yake.

Hata hivyo aliingia kwa Miwani, na hakwenda kupatanishwa. Alikwenda na roho ya mtu anayetaka kurudisha kofi. Akapata nafasi mapema. Miwani aliuliza swali, akangoja kidogo kuliko muda wa kupiga chafya, akalijibu mwenyewe. Akauliza jingine, akawataja wale wale wa mbele. Nyuma, watoto wawili walikuwa wanasuka nyuzi za sweta, na binti yake Mama Kwaya alikuwa anatazama dirishani, ametulia kama abiria.

"Unajiuliza na kujijibu," alimwambia baadaye. "Watoto wako wa nyuma wanaweza kwenda sokoni wakarudi, usijue."

Alitegemea ugomvi. Miwani alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Hakuna aliyewahi kuniambia," alisema polepole. "Nilidhani hawataki tu."

Mama Kwaya aliyekuja na maneno makali mdomoni akayameza. "Na wangu," alisema, na ilimgharimu kusema, "wangu hawasomi. Wananisoma mimi."

Wakakaa. Mwanzo walikaa kama watu wanaongoja daktari, kila mmoja na upande wake wa meza. Kisha wakaanza kuulizana. Kwa nini mtoto akijua "ba" kwenye wimbo haijui ikiwa peke yake? Nini kitatokea ukimnyima wimbo? Mwalimu mkuu aliwapa kipindi kimoja kila wiki cha kupanga somo pamoja, na masharti yake yalikuwa mepesi: mmoja afundishe, mwingine atazame watoto, halafu warekebishe.

Walikata maboksi ya sabuni vipande vidogo, wakaandika silabi moja moja kwa kalamu nene. Watoto wangezipanga wenyewe na kuunda maneno. Usiku ule Mama Kwaya alilala akitabasamu.

Somo la kwanza lilikuwa vurugu tupu. Watoto waligombania vipande kama peremende. Wawili walivutania "ka" mpaka ikawa "k" na "a". Mmoja aliitafuna "mu" na hakujuta. Darasa lililosifiwa kwa mpangilio likapiga kelele hivi kwamba mwalimu wa hesabu, jirani yao, akaja mlangoni kuuliza kama kuna nyoka.

"Basi," alisema Mama Kwaya, akikusanya karatasi sakafuni, jasho likimtiririka. "Nimejiaibisha vya kutosha. Narudi kwenye kwaya yangu."

"Umeona pale dirishani?" Miwani alimkatiza. "Wawili waliopata vipande vichache. Hawakugombana. Walikuwa wananong'ona: hii ni nini, na ile ni nini. Tatizo ni vipande vingi na mikono mingi."

Wakarekebisha. Watoto wawili wawili, kila jozi na kopo lake, silabi chache tu, na hakuna kupaza sauti: kunong'ona tu. Mwalimu afunge mdomo. Hilo la mwisho ndilo lililomtesa Mama Kwaya. Siku ya somo la pili alitembea kati ya madawati amejiuma midomo, akiona mtoto anakwama, akitamani kumsaidia, huku Miwani kule nyuma akimtikisia kidole: ngoja.

Akangoja. Darasa lilinong'ona kama mvua nyepesi. Ghafla binti mwenye pengo akaruka.

"Mwalimu! Nimepata sufuria!"

"Sufuria? Iko wapi?" Mama Kwaya aliuliza, akainama kutazama chini ya dawati.

"Hapa!" Na kidole kidogo kikapita juu ya vipande, kimoja kimoja: su, fu, ri, a. Neno hilo hakuna aliyemfundisha. Halikuwa ubaoni, halikuwa kitabuni. Mama Kwaya alijifanya anafunga kamba ya kiatu, na viatu vyake havikuwa na kamba.

Ilipofika siku ya wazazi, ukumbi ulijaa, watu wakisubiri kwaya yao. Mama Kwaya alisimama mbele, akasema leo hakuna kukariri. "Mzazi yeyote aje aandike anachotaka. Watoto watasoma."

Mwalimu wa hesabu alishika kichwa. Miwani, kando ya ukuta, alisukuma miwani juu.

Akanyanyuka mama mmoja muuza vitambaa, mcheshi anayejulikana mtaa mzima. Akachukua chaki, akaandika kwa herufi kubwa: *Baba anakoroma kama lori bovu.*

Hakuna aliyewaanzia. Vidole vikainuka hewani, midomo ikacheza bila sauti. Wazazi wakanyoosha shingo. Halafu pale mstari wa kati mtoto mmoja akaguna, akaziba mdomo. Wa pili akacheka. Kicheko kikapita kutoka dawati hadi dawati, kila mmoja akikifikia kwa wakati wake, mara tu alipofika kwenye lile lori, mpaka watoto wote wakawa wanajishika matumbo na mwenye kukoroma, mume wa muuza vitambaa, aliyekaa katikati ya wazazi, akafunika uso kwa kofia.

"Someni kwa sauti!" Mama Kwaya alilia, machozi yakimtoka bila aibu. Wakasoma, wengine mbele, wengine nyuma, hovyo hovyo, hakuna wimbo hata kidogo. Ukumbi ukalipuka. Watu walisimama, wakapiga meza, wakapiga vigelegele. Muuza vitambaa aliandika sentensi nyingine, kisha seremala, mumewe Mama Kwaya, naye akaomba chaki, na hakuna iliyowashinda watoto.

Miwani akapita katikati ya watu, akamshika mkono, akautikisa kwa mikono yake miwili. "Dada," alisema, "mwakani hawa wanakuja kwangu. Nitawafundisha nini sasa?"

"Tutajua kesho. Saa nne, ofisini. Uje na makopo."

Kesho yake saa nne walikuta viti vimeongezwa. Mwalimu wa hesabu alikuwa wa kwanza kuketi, na nyuma yake walimu wengine, kila mmoja amebeba boksi tupu chini ya kwapa.