Kioo Hakimshiki

Kila alasiri mshonaji alisukuma cherehani pembeni, akafungua dirisha linaloelekea kinu cha nyuklia na kumngoja mumewe. Marehemu alikuwa fundi wa vichujio. Siku kichujio kilipopasuka, iodini yenye mionzi ilitoka na moshi, naye akatoka nayo. Wakubwa wa kinu walisema kafa kwa homa, na hakuna kilichovuja.

Marehemu aliingia na upepo, akatua juu ya vitu. Kwenye birika la shaba alishika barabara, uso mzima, pamoja na upara aliokuwa akiuficha kwa kofia. Kwenye pazia la pamba alishika mabega tu. Kwenye kioo cha kabati aliteleza.

"Hata ulipokuwa hai, wewe na kioo mbalimbali," mkewe alimtania. "Ndevu ulinyoa kwa kubahatisha."

Akishatua alidumu siku chache, kisha akafifia. Mkewe alimkumbuka hata alipokuwa mbele yake.

Shemeji, mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuwa mpimaji wa mionzi wa kinu. Alipokisogeza kifaa chake kwenye birika, kililia mfululizo.

"Shikamoo, kaka," akaliambia birika. Kisha akamgeukia mshonaji. "Shemeji, funga dirisha. Hii kitu ukiivuta inakwenda kukaa kooni, na ikikaa huko inaua."

"Nimfungie mtu nyumba yake mwenyewe?"

Shemeji aliwaeleza wakubwa. Bomba la moshi lililokuwa likivuja hawakuliziba. Walituma gari la zawadi: kila nyumba ikapata sufuria za chuma king'aacho na vioo vipya vya madirisha visivyohitaji pazia. Mapazia na vyombo vya shaba vikabebwa. Vipimo viliporudiwa, kifaa kilikaa kimya, na wakubwa wakatangaza kuwa hewa ni safi.

"Iodini ni ileile," shemeji alisema. "Wamebadilisha vyombo tu."

Alasiri ile marehemu alikuja kama kawaida. Alijaribu sufuria, akateleza. Alijaribu dirisha, akateleza. Alizunguka chumba kizima kama mgeni asiyeonyeshwa kiti. Mkewe alimwonea huruma, na hamu ilimzidi nguvu. Akavua mtandio, akafungua kinywa.

"Pita ndani, baba," akasema, akavuta pumzi ndefu.

Usiku ule alilala vizuri, mkono shingoni.

Shemeji alirudi kupima. Sufuria, kimya. Vioo, kimya. Alipompita mshonaji, kifaa kikalia.

"Shikamoo, kaka," akaiambia shingo.

Kwa kuwa wakubwa walikuwa wameagiza vipimwe vyombo tu, alikizima kifaa, akaenda nyumba ya pili.