Vidonge Mabegani

Mlimwona, msijitie upofu. Siku Fundi alipoanguka mbele ya duka la vitambaa, povu mdomoni, visigino vikipiga lami, mlimzunguka kama mnavyozunguka dimbwi. Mmoja wenu alisema asiguswe, ataambukiza. Yupo anayekumbuka hata rangi ya mashati yenu.

Aliyepiga magoti akamlaza ubavu ni wifi yake, mke wa kaka yake, anayeshona naye chumba kimoja: Fundi kwenye cherehani, Wifi kwenye vifungo na pasi. Tangu Fundi aanze vidonge vya kifafa hakuanguka tena, nanyi mkapata nafasi ya kusahau.

Ndipo akaja yule wakala wa kupeleka watu kazi ng'ambo, mnayemwita Tiketi na kumpisha njia. Alitaka washonaji wa kiwanda cha sare. Ofisini kwake, chini ya feni isiyozunguka, aliwaonya kwamba mgonjwa hapandi ndege yake, kwamba pakiti zozote za dawa zichomwe nyumbani, na atakayekutwa na dawa kwenye begi asithubutu kumtaja.

“Kule wananunua mikono,” alisema. “Magonjwa yenu waachieni mama zenu.”

Watu wakacheka. Wifi hakucheka.

Muuguzi wa zahanati alikuwa amewaambia kinyume kabisa. Dawa zikae kwenye pakiti zake, ziwe za kutosha na akiba juu, zisafiri kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Na huko aendako, awepo japo mtu mmoja anayejua la kufanya akianguka. Fundi alisikiliza, akashukuru, kisha akamtii Tiketi. Utamlaumu? Kibali cha kazi kilikuwa mkononi mwa Tiketi, si mwa muuguzi.

Basi wakakaa chini, mawifi wawili, wakafumua mabega ya koti la Fundi. Pakiti zilikuwa zinachakacha zikikunjwa, kwa hiyo walivitoa vidonge kimoja kimoja, wakavitandaza kwenye pamba, wakashona mapedi mapya. Koti likasimama kama la jenerali.

“Wifi, nimepandishwa cheo,” Fundi alisema, akijitazama kwenye kioo.

“Jenerali wa kifafa. Na ukitaka kumeza?”

“Nafumua, nachukua, nashona. Hiyo nayo ni kazi kwangu?”

Ni mshonaji tu anayeweza kuuamini mshono kiasi hicho. Wifi alizichoma pakiti tupu kwenye jiko, kama Tiketi alivyoagiza, na jina la dawa likaungua nazo. Moshi wake ulikuwa mkali, ukagoma kutoka chumbani. Wifi alifungua dirisha, akajiambia ni karatasi tu.

Ujumbe wa kwanza wa sauti ulikuja na kicheko: wakaguzi wa uwanja wa ndege walipekua begi mpaka soksi, koti hawakuligusa. Wa pili ulikuja kwa mnong'ono. Msimamizi wa bweni alikuwa amekusanya nguo zote za wageni kuzipiga mvuke, kuua kunguni. Fundi aling'ang'ania koti lake, likatolewa mikononi mwake kama la mtoto mkaidi. Lilirudi mabega yamelala. Alipofumua, ndani alikuta unga mweupe ulioganda, mchungu, umeshikana na pamba. Aliulamba. Wifi alisikiliza hapo mara mbili, mkono umeziba mdomo.

Fundi alikwenda duka la dawa karibu na bweni. Jina la dawa hakulijua, alijua rangi yake na ladha yake. Lugha hana. Hebu jaribu wewe kueleza kifafa kwa mikono. Yeye alijaribu, na watu dukani wakarudi nyuma. Akauziwa dawa ya kichwa.

Wifi alikimbia zahanati. Muuguzi aliandika jina la dawa kwa herufi kubwa, kisha akasema jambo ambalo Wifi hajalitua tangu hapo: dawa hii ikikatika ghafla, kifafa hurudi na hasira, degedege juu ya degedege, mpaka pumzi ishindwe. Wifi akatuma picha ya jina lile. Haijafunguliwa. Simu za wafanyakazi hukusanywa mlangoni kabla ya zamu.

Ujumbe wa mwisho ulikuwa umeshaingia kabla ya hapo. “Wifi, kidole gumba kinacheza chenyewe. Na sindano za huku zinakwenda kwa umeme.”

Namba ya kiwanda anayo mtu mmoja tu. Wifi amesimama mlangoni pa ofisi ya Tiketi, na Tiketi anamjibu bila kuinua macho kwamba yeye hakupeleka mgonjwa, kwamba wao ndio waliomdanganya, na akipiga simu hiyo kundi la leo litakataliwa.

“Nenda nyumbani, mama,” anamwambia. “Utaniharibia kazi.”

Wifi hajaondoka. Nyuma yake kundi la leo linapakia mabegi kwenye gari, kila mmoja akitazama viatu vyake.

Mwanamke mmoja Tiketi anaweza kumfungia mlango. Mtaa mzima hawezi. Na wewe unajua ofisi ilipo, maana mwanao naye ulimpeleka huko kujiandikisha. Inuka. Wapitie majirani, nendeni mkajaze mlango ule, na asitoke mtu mpaka Tiketi apige simu kiwandani na mashine ya Fundi izimwe. Si kesho. Fundi yuko zamu sasa hivi.