Kiti cha Aliyesimama

Msafishaji wa boti ya abiria, waliyemwita Bi Povu, alianzia kwenye mishono ya viti kama kila asubuhi. Alichovya brashi laini katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, akasugua ngozi ya plastiki polepole, akaifuta kwa kitambaa cha maji safi, kisha akainua matakia yapigwe na upepo. Ukutani palibandikwa tangazo: WAFANYAKAZI WASIKAE VITINI. Miaka yote ya kazi yake hakuwahi kukaa. Hata chai aliinywa wima.

Siku hiyo kiti cha dirishani, safu ya mbele, kilikuwa na bonde la makalio yake. Upande wa kulia ulizama zaidi, kwa kuwa ndiko anakoegemea akisimama, na kwenye mgongo wa kiti palikuwa na alama ya fundo la aproni yake. Kilikuwa na joto.

"Umekaa," alisema tajiri mwenye boti.

"Sijakaa."

Tajiri akamsimamisha kando yake gatini tangu boti ilipoondoka mpaka iliporudi. Bonde lilirudi limezama zaidi. Akaita fundi abadilishe sponji na ngozi. Kabla skrubu ya mwisho haijakazwa, fundo la aproni lilikwisha kujichora. Fundi akasema ngozi ni mpya, mkaaji ndiye wa zamani, akakusanya vyombo vyake.

"Basi omba msamaha yaishe," tajiri akasema. "La sivyo, kazi huna."

Nahodha, mdogo wa mume wa Bi Povu, alimvuta pembeni. "Shemeji, muombe tu. Samahani haijamuua mtu."

"Nisimame mpaka miguu ivimbe, halafu niombe radhi kwa kukaa? Thubutu!"

Alikuwa na hasira na hakuificha. Akashuka na brashi yake mkononi.

Waliobaki walivimwagia viti maji kwa mpira, wakavifunika vikiwa bado vimelowa. Vikaota ukungu, mishono ikanuka, abiria wakashuka wakijipangusa nguo. Huo haukuwa muujiza. Ngozi ya plastiki isipokaushwa ndivyo ilivyo. Kiti cha dirishani peke yake kilibaki kikavu, na joto lake lilelile.

Tajiri akaagiza aitwe. Msamaha hakuutaja tena, na Bi Povu hakuuomba. Alipanda, akauliza sabuni iko wapi, akaanzia kwenye mishono.

Tangazo halikubanduliwa. Liliongezwa maneno chini yake, na sasa linasomeka: WAFANYAKAZI WASIKAE VITINI, HATA WAKIWA WAMESIMAMA.

Kiti kile hakikaliwi na abiria, maana wanaona kina mtu. Vijana wakipita mbele yake huinamisha kichwa kidogo, wakasema, "Shikamoo," kisha wakatafuta nafasi nyuma. Bi Povu husimama mlangoni, kitambaa begani, uzito wote mguu wa kulia. Hakuna anayemtazama. Huwajibu kwa sauti inayofika mpaka gatini aliko tajiri:

"Marahaba!"