Bunduki Mbili za Akina Corfield

Baba alipofariki alituachia bunduki mbili za marisau, mimi na kaka yangu Lambert. Moja ni ya Kiingereza, ya babu, iliyotengenezwa Birmingham kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Nyingine ni ya Kihispania, baba aliinunua mwenyewe ujanani. Lambert hakungoja hata chai ipoe.

"Averil, mimi nachukua ya babu. Wewe baki na Mhispania wako."

"Nani kakwambia?"

"Mwingereza ni Mwingereza, dada. Ile nyingine imeiga tu."

Nikamwuliza jambo lililonikereketa tangu utotoni: kama ya babu ni bora hivyo, mbona baba hakuwahi kuwinda nayo? Alikuwa akiitoa, anaipaka mafuta, anaifuta, anairudisha kabatini. Ukimwuliza, anakujibu, "Hainitaki." Lambert akasema mzee aliogopa kuikwaruza. Sikuridhika. Wiki ileile tukazibeba hadi mjini Ludlow kwa Hadley, fundi bunduki.

Hadley akazilaza mezani, akaongeza na ya Kibelgiji aliyokuwa nayo dukani, apate kutulinganishia. Kwanza akanipa ya babu.

"Shika. Waona uzito ulivyokaa katikati ya mikono? Wazee wale hawakuacha chuma kisicho na kazi."

Kweli, ilikuwa nyepesi kama kitu kilicho hai. Ya Kibelgiji iliungwa vizuri mno, ila ilielemea mbele. Ya Kihispania, ndani yake ilifuata mtindo wa mafundi wa London hatua kwa hatua. Nakshi zake tu ndizo zilizokuwa za harakaharaka.

"Lakini mitutu yake minene," Hadley akasema. "Hii itawazika nyote wawili."

Kisha akapima mitutu ya babu, akaguna. "Imelika. Imepigwa sana, tena imesuguliwa ndani mara nyingi kuondoa kutu. Bado inapigika kwa risasi nyepesi, lakini mnadani hii ya Kibelgiji itaishinda."

Lambert akanywea. Mimi nilikuwa namtazama Hadley, maana alikuwa ameiweka begani na uso umemkunjamana.

"Babu yenu alikuwa mashoto?"

"Hapana," tukajibu pamoja.

"Basi hakutengenezewa yeye. Kitako kimepindishwa kushoto tangu kiwandani. Halafu kifupi. Mwenyewe alikuwa na mikono mifupi."

Babu alikuwa akiinama kupita kila mlango wa nyumba yetu.

Lambert akasema taratibu, "Bibi alikuwa anakata mkate kwa kushoto."

Bibi Philippa! Kimo chake kilinifika begani. Bonde zima lilimsifu babu kwa shabaha. Bibi, tuliambiwa, alikuwa akimsindikiza tu apunge hewa.

"Lakini babu ndiye alikuwa anaingia na mfuko wa kwale," Lambert akabisha. "Nakumbuka!"

"Na bibi?"

Akafikiri. "Nyuma yake. Tope magotini."

Jumamosi tukaenda shambani kwa jirani mwenye mashine ya kurusha visahani vya udongo. Lambert akajaribu kwa ile ya Birmingham. Visahani vikapita vyote vizima, vikaanguka kwenye majani.

"Inanivuta pembeni, mshenzi huyu!"

Nikajaribu mimi. Nikakosa vilevile. Lambert akashika ya Kihispania, na kisahani cha kwanza kikawa vumbi, cha pili vumbi. Akaigeuzageuza, akakohoa.

"Averil, unajua, nilikuwa nafikiri…"

"Chukua," nikamwambia kabla hajamaliza. "Ya bibi naitaka mimi."

"Utaifanyia nini, nawe si mashoto?"

Nilijua tu kwamba singeiacha iende mnadani.

Jioni nikampigia simu shangazi Ursula, kitindamimba wa bibi, ambaye sasa ana miaka tisini na masikio yake bado makali. Nikamsimulia. Alicheka mpaka akakohoa.

"Baba? Huyo babu yenu alikuwa anafumba macho yote mawili kabla ya kupiga! Kazi yake ilikuwa kubeba."

"Sasa mbona hamkusema, shangazi?"

"Nani aliuliza? Kila mtu alisema 'bunduki ya mzee Corfield'. Mama aliona hapana haja ya kumwaibisha mumewe, mradi kwale wameingia chunguni." Akaongeza, "Ilete Jumapili, mwanangu. Mama hakuturuhusu kuigusa hata siku moja."