Chachu ya Ghati

Yule mama mzee alikaa na mvinyo mdomoni muda mrefu kuliko wageni wengine, macho ameyafumba, mpaka Ursula akasahau kuendelea kumimina.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya kuonja. Wageni hawakuwa wengi: mtu na mkewe kutoka Musoma mjini, na walimu waliokuwa wakielekea Butiama kuona makumbusho. Walikaa kwenye mabenchi chini ya bati, kando ya nyumba yake pale Buhare, wakapewa kwa glasi ndogo mvinyo wa ndizi, kisha wa nanasi, mwisho ule mwekundu wa maua ya rozela uliowafanya watu warudi. Mama mzee alikuja peke yake, akakaa mwisho wa benchi. Wa ndizi aliukataa, wa nanasi aliukataa. Alisema anasubiri mwekundu.

Alipomeza, aliiweka glasi chini taratibu.

"Huu ni mkono wa Ghati," alisema.

Walimu walitabasamu, wakidhani Ghati ni jina la mvinyo. Ursula hakutabasamu. Alimtazama mama yule vizuri, paji pana la uso, meno ya mbele yenye mwanya kama ya Ghati, akaelewa ni nani aliyekaa mbele yake.

Kazi ile aliianzisha pamoja na Ghati. Walikuwa wakilima rozela Suguti, kwenye shamba la kukodi, na kuikausha juu ya mikeka. Lakini kuchachusha alikujua Ghati. Hamira ya dukani hakuitaka. Alitengeneza chachu yake mwenyewe, akaitunza kwenye dumu la kioo, akawa anailisha sukari kama mtu anayelea. Kila pipa jipya lilianzishwa kwa kikombe kilichochotwa humo. Kisha mwaka juzi alivuka ziwa kupeleka mvinyo wa harusi kisiwani, na mtumbwi ukapinduka. Wenzake waliopolewa, walio hai na waliokufa. Yeye hakuonekana. Wavuvi walitafuta mpaka wakachoka. Ziwa halikurudisha hata kanga yake.

Tangu hapo Ursula alifanya kazi peke yake, ingawa hakuwahi kujisikia yuko peke yake. Akiwa anachuja, alijikuta akisogea kumpisha mtu. Mara nyingine alisikia mapipa yakigongwa huko stoo, polepole, kwa kifundo cha kidole, kama Ghati alivyozoea kugonga ili ajue yamejaa kiasi gani. Akiingia, hakuna mtu. Hakumwambia yeyote. Aliongeza sukari kwenye dumu, akafunga mlango.

Wageni walipoondoka, mama hakuinuka. Ursula alipiga goti, akamsalimia upya, safari hii kama mama yake Ghati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa."

Mama Ghati alieleza kilichomtoa kijijini kwake Mugeta. Binti yake alikuwa anakuja ndotoni. Alianza kwa mama mwenyewe, akaenda kwa mke wa Boniphace, kaka yake Ghati, na sasa hata wajukuu wanamwona. Anasimama kwenye lango la zizi, nguo zinachuruzika maji, anauliza amelazwa wapi. Haingii. Wazee wa ukoo walisema kizikwe kitu chake ili apate pa kulala.

"Tulizika gauni lake la kanisani," alisema mama. "Wiki haikuisha, akarudi. Akaniambia, mama, gauni siyo mimi."

Aliangalia mlango wa stoo.

"Halafu watu wa mnadani wakasema mvinyo wenu una ladha ileile. Nikasema niende nionje, nijue. Huyu mtoto tangu mdogo alikuwaga anachachusha togwa, hakuna wa kumkaribia. Kwa hiyo yumo humu. Nimekuja kumchukua nyumbani."

Ursula alimpeleka ndani, akamwonyesha dumu. Mama alilishika kwa viganja vyote viwili, kama unavyoshikwa uso wa mtu.

Ursula aliwahi kujaribu hamira. Mvinyo ulitoka mkali na mkavu, wateja wakaacha glasi nusu. Dumu likienda, mwekundu umekwisha, na hakujua kazi nyingine. Akaomba kwa sauti ya chini.

"Mama, niachie hata kikombe kimoja, nianzie."

"Mtu hazikwi nusu, mwanangu."

Ursula akatoka nje, akasimama nyuma ya nyumba, mikono kiunoni. Alijiambia ni kwa ajili ya kazi. Lakini alijua si kazi tu. Kila aliposikia yale mapipa yakigongwa, alikuwa akiogopa, na kila wiki ilipopita kimya aliogopa zaidi. Sukari aliyokuwa akiitia mle hakuwa akiitilia mvinyo.

Aliporudi, alimkuta mama amekaa sakafuni karibu na dumu, kama mtu anayeuguza mgonjwa.

"Mama, sijawahi kusema. Mimi huwa namsikia. Anagonga mapipa."

Mama hakushtuka. "Anagonga sana?"

"Sana."

"Siyo mapipa hayo. Anatafuta mlango."

Asubuhi iliyofuata Boniphace alifika na gari la kuazima. Ursula alilibeba dumu mwenyewe, akalipakata. Hakuchota kitu. Walipopita Butiama jua lilikuwa limeanza kuchoma, na baadaye, barabara ilipoharibika, gari likaanza kurusharusha. Ndani ya kioo mashapo yaliyolala chini yakainuka, yakachafua yote, rangi ikawa kama ya damu iliyochanganyika na maziwa.

Mugeta watu walikuwa wamekusanyika kimya. Kaburi dogo lilichimbwa kando ya kaburi la baba yake Ghati. Katekista Stanislausi alisoma sala fupi bila kusema ni maziko ya nini, kisha akampa Boniphace ishara. Ursula akainama, akaliteremsha dumu mpaka chini, akaliachia.

Ndipo likasikika. Kwenye kampira ka kutolea hewa kalikotokeza juu ya kizibo, pumzi moja ilitoka, ikafuatiwa na nyingine. Safari ilikuwa imeiamsha chachu.

Boniphace alikuwa tayari ameinua koleo la udongo. Akabaki amelishika hivyohivyo, anamtazama mama yake.

"Mama, bado anapumua."

Katekista alifunga kitabu chake. Mama Ghati akakaa chini ukingoni mwa shimo, akanyoosha miguu, akavuta kanga ikafunika magoti.

"Weka koleo chini," alisema. "Tumsubiri."

Ursula akakaa ubavuni kwake. Mmoja mmoja watu nao wakakaa, kwenye nyasi, kwenye udongo uliochimbuliwa. Kule chini povu likapanda, likapasuka, likanyamaza muda mrefu, halafu likapanda tena.