Isale la Kwenye Simu

Ezra alidondoka kutoka juu ya mti akipogoa matawi yaliyoifunika kahawa, na mfupa wa mguu ukatokeza nje. Mkewe, Yuditha, alimfunga kwa khanga, damu ikapita. Gari walilopigia simu likakwama darajani, kwa kuwa njia ya Machame huku juu ilikuwa tope tupu. Ilibidi abebwe. Na Ezra ni mpandisha wageni mlimani. Mguu ule ndio shamba lake.

Yuditha akashika simu, akaandika kwenye grupu la jumuiya: “Ezra kavunjika, anatoka damu. Naomba wanaume wanne wa kumbeba hadi darajani. Sasa hivi jamani.”

Majibu yakamiminika, we! “Amina.” “Mungu ni mwaminifu.” “Tuko pamoja, dada.” Vikono vya kuomba vikajipanga hadi skrini ikajaa. Hilda wa kwaya akaimba pambio zima kwa sauti akalituma. Yuditha akangoja, masikio yote njiani. Hakuna hata kandambili iliyosikika.

Tena kila kikono kilipoingia, simu nyingine ililia ng’ambo ya uzio wa masale, ile mimea ya mpakani. Ilikuwa ya mzee Elifuraha, mzee wa kanisa, jirani wa kupakana uzio! Yuditha akapenya uzio, akamkuta barazani, miwani puani, anaandika. Hata shikamoo hakumpa.

“Mzee, Ezra anakufa!”

“Nimeshamwombea, Mama Grace. Hujaona?”

Hujaona! Yuditha akatoka hadi njiani, akajishika kichwa, akapiga yowe la mwizi. Wacha wee! Migomba ikatikisika huku na huku, wanaume wakatokea na mapanga na marungu, wengine vifua wazi. Valerian, aliyekuwa ameandika “tuko pamoja,” ndiye aliyefika wa kwanza.

“Yuko wapi?” akauliza akihema.

“Mwizi hakuna! Yuko mgonjwa wenu! Kwa kupiga mtu mnakuja mbio, kwa kubeba mtu mnanitumia vikono? Mnamdanganya nani, mimi au Mungu?”

Wakang’oa mlango wa jiko, wakamlaza Ezra juu yake, wakashuka wakiteleza. Mzee Elifuraha naye akaja, lakini hakushika mlango. Alitangulia mbele akipiga picha, na kabla hawajafika darajani picha ilikuwa grupuni: “Jumuiya yetu ikitenda upendo.” Ikapata Amina nyingi kuliko mahubiri ya Pasaka.

Hospitalini mguu ulikatwa. Daktari alisema damu imepotea sana, wamechelewa. Yuditha hakulia. Hasira ilikuwa imekausha machozi yote.

Ezra aliporudi nyumbani na magongo, jumuiya ikaanza kunong’ona kwamba mzee wa kanisa alikosa. Huku kwetu Uchaggani aliyekosa anajua la kufanya: anavunja jani la isale, analipeleka kwa mkono wake mwenyewe, na aliyekosewa hana ubavu wa kulikataa. Yuditha alijua hivyo, na alikuwa amejiandaa kulipokea, japo roho ilimuuma.

Jioni moja simu ikalia. Mzee Elifuraha alikuwa ametuma picha ya jani la isale, na chini yake: “Nawaomba msamaha familia ya Ezra.” Palepale Hilda akajibu Amina. Valerian naye Amina. Wengine wakafuata.

Ezra aliitazama ile picha, akamrudishia mkewe simu. Yuditha akaenda hadi kwenye uzio.

“Mzee Elifuraha!” akaita kwa sauti ya kusikika kijiji kizima. “Masale si haya hapa, kati yako na mimi? Vunja moja tu, uje umpe Ezra mkononi. Yeye hawezi tena kukufuata!”

Ng’ambo kiti kikalia, mtu akakohoa. Yuditha akasimama akingoja, macho kwenye yale majani.

Simu ikamlilia mkononi. Mzee Elifuraha ametuma vikono viwili, vimekunjwa.