Kibao cha Mlima Sorrel

Renita Sizemore alikuwa mtaalamu wa miamba, na watu wa bonde lake, kule kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Kentucky, Marekani, walimpa kazi iliyoonekana ndogo: aandike kibao cha kuwaeleza wageni kwa nini Mlima Sorrel uliporomoka ukafukia nyumba. Kibao ni bahili. Mgeni hashuki garini kusoma kitabu. Anataka maneno mawili matatu na picha, aende zake. Renita alikata, akakata tena, ila sentensi moja hakuigusa: "Mlima ulianguka kwa sababu mgodi uliondoa nguzo za makaa zilizoubeba."

Aliisoma katika chumba cha chini cha kanisa, watu wakila maharage na mkate wa mahindi. Tackett, msemaji wa kampuni ya mgodi, aliendelea kupaka mkate wake siagi. Aliyeinuka ni Opal, shangazi aliyemlea Renita, mjane wa mchimbaji.

"Nguzo alizitoa nani, mwanangu?"

"Kampuni, shangazi."

"Kampuni ina mikono? Alizitoa Vernon wangu. Na baba wa huyu, na babu wa yule." Akawaonyesha kwa kijiko. "Waliofukiwa ni watoto wao wenyewe. Sasa unataka wajukuu wasimame pale wasome kwamba babu zao ni wauaji?"

"Waliamriwa. Wangekataa wangefukuzwa. Naweza kuliongeza hilo."

"Si umesema kibao hakina nafasi?"

Watu wakacheka kidogo, bila furaha. Bondeni kwao, mchimbaji akishazikwa hasemwi, hata kwa haki. Mikono ikainuka chumba kizima kutaka sentensi ile ifutwe. Tackett hakuinua wake. Wa nini, na kazi yake inafanywa na wengine?

Renita angeweza kukataa, akawaachia kibao chao wakiandike wenyewe. Lakini alimtazama shangazi, moyo ukamlainika, na baadaye alijichukia kwa hilo. Aliandika: "Mvua ililowesha matabaka laini, mlima ukaanguka wenyewe." Mvua ilinyesha kweli. Ndiyo maana uongo ule ulikaa vizuri.

Siku ya kuzindua, Opal alilia, akamkumbatia mbele za watu. Tackett alipiga makofi kuliko wote, kisha akakipiga kibao picha.

Mwaka uliofuata kampuni iliomba kuchimba upande wa pili wa mlima, juu kidogo ya mtaa walikohamishiwa Opal na wenzake baada ya maporomoko. Renita alikwenda na ramani zake mbele ya maofisa wa kibali, akaeleza habari ya nguzo mpaka koo likamkauka. Tackett alimsikiliza kwa adabu zote, halafu akaweka ile picha mezani.

"Watu wa bonde wenyewe wanasema mlima ulianguka wenyewe," alisema. "Na aliyewaandikia ni mtaalamu, dada yetu huyu hapa."

Kibali kilitolewa kabla ya chakula cha mchana.

Opal alikuwa akingoja kwenye benchi la nje, na uso wa Renita ulimpa jibu.

"Kwani hukuwaambia ile sentensi yako?" aliuliza, hasira imempanda. "Ile ya nguzo?"

"Nimewaambia, shangazi. Wameniuliza kwa nini sikuiandika."